Muuguzi anapohama kazi: Haki na wajibu wake kisheria

MUUGUZI aliyeajiriwa katika zahanati ya kibinafsi eneo la Kikambala, Kaunti ya Kilifi, hana haja ya kwenda mbali kutafuta mwajiri mwingine. Kusini mwake kuna Mtwapa na hospitali kubwa za Mombasa. Kaskazini kuna mji wa Kilifi, wenye hospitali ya kaunti na kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kilichoanzishwa mwaka wa 1989, kisha Malindi. Anapochoshwa na zamu za usiku zinazofuatana bila mapumziko, ni rahisi ashawishike kuvua sare na kutorudi tena.

Hata hivyo, jinsi anavyoondoka ndiyo huamua ataondoka na nini.

Kwa mujibu wa Sheria ya Uajiri ya mwaka wa 2007, mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi hupaswa kutoa notisi ya siku 28 kwa maandishi. Iwapo mkataba wake unataja muda mrefu zaidi, muda huo ndio utakaofuatwa. Asiyeweza kungoja anaruhusiwa kumlipa mwajiri mshahara wa kipindi hicho cha notisi.

Anayetoweka tu hujiweka pabaya. Kukosa kazini bila ruhusa wala sababu ya kisheria ni kosa linaloweza kumfanya afutwe papo hapo. Isitoshe, akiwatelekeza wagonjwa katikati ya zamu, anaweza kushtakiwa mbele ya Baraza la Wauguzi la Kenya, ambalo ndilo linalotoa leseni yake. Ni busara akabidhi wodi, dawa na kumbukumbu za wagonjwa kwa maandishi.

Haki nazo ni nyingi. Sheria humpa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo kamili. Akiacha kazi kabla ya mwaka kutimia, mradi amehudumu miezi miwili au zaidi mfululizo, hustahili siku moja na robo tatu za likizo kwa kila mwezi aliofanya kazi. Muuguzi aliyenyimwa likizo kwa sababu ya uhaba wa wahudumu asikubali siku hizo zipotee.

Aidha, mwajiri analazimika kumpa cheti cha utumishi kinachoonyesha aina ya kazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, ila kwa aliyehudumu chini ya majuma manne. Anayekataa kukitoa anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa jela hadi miezi sita, au yote mawili. Lakini sheria haimlazimishi mwajiri kuandika barua ya kumsifu mfanyakazi. Hiyo ni hisani, na hisani hupatikana kwa kuagana vyema. Panapotokea mvutano kuhusu haki hizi, malalamiko hupelekwa kwa afisa wa leba.

Wauguzi walioajiriwa na kaunti hufuata pia kanuni za utumishi wa umma, nao wasome barua zao za ajira kabla ya kujiuzulu. Vivyo hivyo kwa yeyote aliyesomeshwa na mwajiri kwa masharti ya kuhudumu kwa muda maalumu.

Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Ahadi ya mshahara mnono kwa mdomo si ajira. Kabla ya kuandika notisi, muuguzi anafaa awe na mkataba mpya mkononi, uliotiwa saini, unaotaja mshahara, saa za kazi, malipo ya saa za ziada na siku za likizo. Aulize pia ni wauguzi wangapi huhudumu katika kila zamu. Zamu zikiwa na uhaba uleule, atakuwa amebadilisha sare tu, na uchovu atakutana nao huko aendako.