ALAMA YA UFUNDI IJULIKANE

Kijana wa Tarakea anayejifunza uashi au kuchomelea vyuma hana kihamba cha kutegemea. Babu alikigawa, baba akakigawa tena, na kipande kilichobaki hakitoshi kumlisha. Shamba lake yeye ni cheti.

Basi ni haki yake kujua cheti hicho hupimwaje. Alama ya kufaulu ni ngapi? Kazi ya mikono ina uzito gani mbele ya maswali ya karatasi au ya kompyuta? Aliyejibiwa "bado" tu, atajuaje kosa lake lilipo?

Jambo hili si dogo. Mwezi wa Mei 2013 Serikali ilifuta matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ikaagiza yapangwe upya kwa kanuni ya zamani, maana kanuni mpya ilitumika kabla haijaeleweka kwa wote. Majibu ya watoto yalikuwa yale yale, lakini madaraja ya wengi yalibadilika. Mzazi aliyekwisha kumwadhibu mwanawe alisema nini siku ile?

Hatuombi alama za bure. Ukuta wa fundi asiyejua kazi huangukia watu. Twaomba kila kituo cha ufundi kibandike ukutani, kabla ya mtihani, alama ya kufaulu na mgawanyo wake. Naye aliyeshindwa aonyeshwe aliposhindwa.

Mwashi hunyosha ukuta kwa timazi ambayo kila apitaye aweza kuiona. Mtihani wake nao uwe hivyo.