Fahamu: Waridi la jangwani, ua zuri lenye utomvu wa sumu

Kichaka hiki cha maua mekundu ya waridi, kinachopendwa kwenye vyungu vya bustani, hakitoki kwenye migomba na mifereji ya Uchaggani. Kwao ni nyika kavu: kutoka Moshi shuka hadi Same, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, utakikuta porini. Shina lake nene huhifadhi maji. Kiangazi kikikolea hupukutisha majani, na mara nyingi ndipo huchanua, matawi yakiwa matupu.

Lakini utomvu wake una kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huuchemsha ukawa mzito, wakaupaka kwenye mishale ya kuwindia. Kwa hiyo vaa glavu unapopogoa, na weka chungu mbali na watoto na mbuzi. Mtoto akitafuna, usisubiri dalili: mkimbize hospitali, ukibeba kipande cha mmea.

Marangu na Kibosho, kwenye mvua nyingi, kiweke chini ya paa, maana maji yakituama shina huoza. Tafadhali usiking'oe porini. Ukitaka chako, otesha mbegu: mche wa mbegu hunenepa shina vizuri kuliko wa kipandikizi.