Majina Yasiyo na Jiwe

Mtu apitaye Barabara ya Kenyatta mjini Nairobi huona sanamu tatu za shaba zilizosimama pamoja. Ukumbusho huo ulifunuliwa mwaka 1928 kwa heshima ya Waafrika na Waarabu waliotumika katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Wawili ni askari wenye bunduki. Wa tatu ni mchukuzi. Maandishi yamo kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, lakini jina la mtu halimo hata moja.

Huko Taveta, karibu na kilima cha Salaita palipopiganwa Februari 1916, makaburi ya vita yamepangwa safu kwa safu, na mawe yake mengi yana jina, kikosi na tarehe ya kufa. Wachukuzi walibeba chakula na risasi za jeshi, wakafa zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa bunduki. Kikosi chao kimebaki katika majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, ikaomba radhi.

Basi mzazi azuruye makaburi hayo na wanawe awasomee majina yaliyoandikwa, kisha awasimulie habari za wasio na jiwe. Na nyumba ikumbukayo jina la babu aliyekwenda asirudi, na iliandike daftarini.