Je, Wajua? Bingwa wa Kwanza wa Kombe la FA Alitinga Fainali kwa Kushinda Mechi Moja

Msimu ulikuwa wa 1871/72, timu zilizoshiriki zilikuwa 15, na klabu yenyewe iliitwa Wanderers. Raundi ya kwanza walipangwa na Harrow Chequers, ambao walijitoa. Raundi ya pili wakaifunga Clapham Rovers, na huo ndio ukawa ushindi wao pekee kabla ya fainali. Robo fainali walitoka suluhu na Crystal Palace, na kanuni za wakati ule zikaruhusu timu zote mbili kusonga mbele. Nusu fainali wakatoka suluhu tena, safari hii na Queen's Park ya Glasgow. Wageni hawa hawakuwa na nauli ya kurudi London kwa mechi ya marudio, wakaaga mashindano.

Fainali ilipigwa Machi 16, 1872 kwenye uwanja wa kriketi wa Kennington Oval, mbele ya watazamaji wapatao 2,000. Wanderers walishinda 1-0 dhidi ya Royal Engineers, timu ya wanajeshi ambayo mchezaji wake mmoja, Edmund Creswell, alivunjika mtulinga dakika za mwanzo na bado akakataa kutoka. Mfungaji aliandikishwa kwa jina la A. H. Chequer. Mtu wa jina hilo hakuwapo: alikuwa Morton Betts, aliyejificha nyuma ya jina lililotokana na Harrow Chequers, klabu ileile iliyojitoa. Na nahodha wa mabingwa? Charles Alcock, katibu wa chama cha soka cha England, ambaye ndiye aliyebuni kombe hilo kwa kuiga mtoano wa mabweni wa shule aliyosoma, Harrow. Leo katibu akibuni kombe kisha akalibeba mwenyewe, barua za rufaa zingejaa ofisini kabla jezi hazijafuliwa.

Mwaka uliofuata mambo yalikuwa yaleyale. Wanderers, kwa kuwa ni mabingwa watetezi, walisubiri fainalini bila kutoka jasho na wakaruhusiwa kuchagua uwanja. Mechi dhidi ya Chuo Kikuu cha Oxford ilianza asubuhi ili watu wawahi mashindano ya makasia ya Oxford na Cambridge mtoni Thames. Oxford walipozidiwa, walimtoa golikipa wao langoni akasaidie mashambulizi. Wakalala 2-0.

Je, wajua kwamba kombe lile la kwanza halipo tena? Aston Villa walilitwaa mwaka 1895, wakamruhusu William Shillcock, muuza viatu vya mpira wa Birmingham, aliweke dirishani mwa duka lake wapita njia walione. Usiku wa Septemba 11 likaibwa, na mpaka leo halijapatikana. Villa walitozwa faini ya pauni 25. Mwaka 1958, zaidi ya miaka 60 baadaye, mzee mmoja aliliambia gazeti kwamba yeye na wenzake ndio waliolichukua, wakaliyeyusha na kutengeneza sarafu bandia. Polisi hawakuwahi kulithibitisha dai hilo, ila kama ni kweli, basi huenda kuna mtu aliyelipia bia yake kwa kipande cha Kombe la FA.

Kombe jingine lililotengenezwa mwaka 1911 lilitoka kwa masonara wa Fattorini, mjini Bradford. Timu ya kwanza kulinyanyua mwaka huohuo? Bradford City. Hawajalitwaa tena tangu hapo.

Sasa tuje kwenye mechi za marudio, ambazo kwangu mimi ndizo zilizokuwa utamu halisi wa kombe hili. Zamani sare ilirudiwa, ikarudiwa tena, mpaka apatikane mbabe. Novemba 1971, kwenye raundi ya nne ya mchujo, Alvechurch na Oxford City walicheza mechi sita, jumla ya saa 11 uwanjani, ndipo Alvechurch wakashinda ya sita kwa 1-0. Miguu ikiwa imekwisha, raundi iliyofuata wakafungwa na Aldershot.

Lakini marudio yalikuwa pia mkate wa wanyonge, kwa sababu mapato ya mlangoni hugawanywa kwa timu zote mbili. Januari 2005 Exeter City, klabu inayomilikiwa na mashabiki wake, wakati ule ikiwa nje ya madaraja manne ya juu na imeelemewa na madeni, ilikwenda Old Trafford ikalazimisha suluhu na Manchester United. Marudio walifungwa 2-0, nani alijali? Fedha za mechi mbili hizo ziliwaondoa kwenye shimo la madeni. Kuanzia msimu wa 2024/25 marudio yamefutwa tangu raundi ya kwanza rasmi kwenda juu, kwa hoja kwamba ratiba imebana. Ratiba ya nani, wenye klabu ndogo wanaijua.

Kombe la Ligi, linaloitwa Carabao kwa jina la kinywaji cha Thailand, ni dogo wa familia, lilizaliwa 1960. Mwaka 2017 droo yake ya raundi ya tatu ilifanyika Beijing, saa kumi na robo alfajiri kwa saa za Uingereza, mashabiki wenyewe wakiwa wamelala. Kwa Watanzania, hata hivyo, kombe hili lina tarehe yake: Machi 1, 2020, Mbwana Samatta alipoifungia Aston Villa kwa kichwa kwenye fainali ya Wembley. Manchester City walishinda 2-1.

Villa hao hao wamo kwenye kisa cha 1999/2000. Manchester United, mabingwa watetezi, hawakushiriki Kombe la FA msimu ule kwa sababu walikwenda Brazil kwenye mashindano ya klabu bingwa ya dunia. Nafasi yao ikajazwa kwa kuchezesha droo ya timu zilizokwisha kutolewa raundi ya pili. Bahati ikawaangukia Darlington, waliokuwa wamefungwa na Gillingham. Wakapangwa ugenini kwa Villa, wakalala 2-1, na hivyo wakatolewa mara mbili kwenye kombe moja ndani ya msimu mmoja.