Pweto: mlango mwembamba wa vita na wa wakimbizi

Tukitazama ramani ya Katanga tunaelewa kwa nini majeshi yaligombania Pweto. Mji huu uko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Mweru, pale mto Luvua unapotoka ziwani na kwenda kuungana na Lualaba huko Ankoro. Barabara ya Moba na Pepa inateremka kutoka milima ya Marungu na kufika hapa. Upande mmoja ni ziwa, upande mwingine ni mto. Anayeshika kivuko cha Pweto ameshika mlango wa kwenda Kilwa na Lubumbashi.

Vita vilivyoanza tarehe 2 Agosti 1998 vilifika mlangoni hapo. Mkataba wa Lusaka wa Julai 1999 ulidai silaha zinyamaze. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2000 jeshi la serikali na washirika wake walipanda Marungu na kuitwaa Pepa. Waasi wa RCD na jeshi la Rwanda wakawarudisha nyuma mpaka mtoni. Mapema Desemba Pweto ikaanguka. Kivuko kilizama kwa uzito wa zana za vita, na magari mengi yakaachwa ng'ambo. Askari na raia kwa maelfu wakakimbilia Zambia. Wiki sita baadaye, tarehe 16 Januari 2001, Rais Laurent-Désiré Kabila aliuawa Kinshasa. Joseph Kabila akachukua nafasi yake, na mazungumzo ya amani yakapata uhai tena.

Majenerali walihesabu mizinga, lakini akina mama walihesabu watoto. Familia nyingi ziliishi miaka mingi katika kambi za Kala na Mwange nchini Zambia, na kuanzia mwaka 2007 zikarudishwa nyumbani kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Baadaye vurugu za Mitwaba na Manono zikaifanya Pweto yenyewe iwe kimbilio. Mwaka 2017 wengine wakavuka tena, wakapokelewa Nchelenge.

Neno la Mungu liliwaagiza Waisraeli wasimwonee mgeni, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Sisi wa mashariki tunaijua hali hiyo. Basi mkimbizi akibisha kanisani kwetu, tusianze kumwuliza kabila lake. Tumpe maji, mahali pa kulala na sehemu ya shamba, kama ng'ambo walivyotupokea sisi.