Mlio wa Subaru waanza kufifia milimani Gusii

Na MWANDISHI WETU

UKISIMAMA kituoni Keroka, mji ambao mpaka wa Kisii na Nyamira umeupasua katikati, huhitaji macho kujua ni gari lipi linalokuja kutoka upande wa Sotik. Probox hulia kama cherehani iliyokosa mafuta. Lori la majani chai hukoroma. Kisha kuna mlio mwingine, mzito, wa kudundadunda, ambao huwafanya wavulana wa shule kuacha mandazi mkononi na kugeuza shingo kabla gari lenyewe halijatokeza konani. Hiyo ni Subaru Impreza, na aghalabu mwenyewe hana haja ya kupiga honi.

Basi msomaji, wavulana hao huenda wakawa kizazi cha mwisho kuusikia mlio huo ukitoka katika gari lililofika juzi kutoka bandarini. Mnamo Machi 2022 kampuni ya Subaru ilitangaza kwamba haitaunda WRX STI nyingine ya petroli kutokana na muundo mpya wa WRX. Ilisema soko la magari linageukia umeme na masharti kuhusu moshi yanazidi kukazwa. Huko Japani kwenyewe oda zilikuwa zimefungwa tangu Desemba 2019, baada ya kampuni kutoa magari 555 ya kuiaga injini ya EJ20 iliyokuwa imetumika kwa miaka 30. WRX ya kawaida bado inauzwa, lakini kwa shabiki wa STI hiyo ni sawa na kuahidiwa jogoo kisha ukaletewa yai.

Wala Subaru haikuondoka peke yake. Mpinzani wake wa tangu jadi, Mitsubishi Lancer Evolution, aliachwa mwaka 2016, wakati kampuni hiyo ilipokuwa imeelekeza nguvu zake kwenye magari makubwa ya familia, yakiwemo ya kuchajiwa kwa umeme. Toyota Celica ilikuwa imetangulia kaburini mwaka 2006, kabla umeme haujawa gumzo. Audi TT ilifuata 2023, na Agosti 2025 ikawa zamu ya Nissan GT-R.

Kwa nini habari hizi zimguse mtu wa Nyamira, ambaye pengine gari lake ni miguu yake miwili? Kwanza, tuiangalie milima yenyewe.

Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kadhaa za Nyamira ziko juu zaidi. Huko hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda. Turbo kazi yake ni kuisukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, kwa hiyo mlima hauiumizi sana. Ongeza mvua ambayo Gusii huipata karibu mwaka mzima, na ile murramu nyekundu ambayo ikilowa huteleza kama sabuni, ndipo utaelewa kwa nini gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lilipata mashabiki hapa. Aidha, pistoni za Subaru hulala chali zikitazamana, zikipigana ngumi kushoto na kulia, na injini yenyewe hukaa chini. Gari halipepesuki konani.

Na mlio je? Wengi hudhani ni ufundi wa ekzosi iliyotobolewa. Sivyo. Mabomba yanayotoa moshi kwenye silinda zake nne hayana urefu sawa, kwa hiyo mipigo hufika nje kwa kupishana badala ya kufuatana vizuri. Ni kasoro ya kihandisi ambayo watu waliipenda mpaka ikawa sifa.

Safari Rally

Pili ni Safari Rally. Wazee wa Gusii waliokuwa vijana enzi hizo walilelewa na mashindano hayo, hata kama ni kwa masikio tu redioni. Joginder Singh alishinda mara tatu, mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 kwa Datsun. Ian Duncan akashinda 1994 kwa Celica. Patrick Njiru naye alikuwa akiendesha Subaru, na ndiye aliyewafanya vijana wengi Waafrika waamini kwamba usukani wa rali haukuumbiwa wageni. Mwaka 1997 Colin McRae aliishindia Impreza Safari, na 2000 Richard Burns akarudia. Mengi ya magari hayo hayaundwi tena.

Lakini gari kuachwa na kiwanda si lazima life, na hapa Peugeot 504 ni shahidi. Ilishinda Safari mwaka 1975 na 1978. Ufaransa iliacha kuiunda katika miaka ya 1980, lakini hapa Kenya iliendelea kuunganishwa Mombasa kwa miaka mingi baadaye. Wasafiri wa magharibi mwa nchi walibanana ndani ya 504 kwenda na kurudi Nairobi, na ilipozimika njiani dereva alishuka na spana mbili na waya, wakaendelea. Ufundi wake ulikuwa wazi kama jiko la kuni.

Subaru haitapata uzee wa namna hiyo, kwa maoni yangu. Injini yake imejaa vitambuzi na kompyuta, na kosa dogo huigharimu maisha. STI iliundwa kwa petroli ya Japani yenye oktani 100, ambayo ni kali kuliko ile tunayotiliwa katika vituo vyetu. Mwenye kuikanyaga sana bila kuirekebisha huja kulia pistoni zikipasuka. Gasketi ya kichwa cha injini nayo ni wimbo wa kila fundi, na kwa kuwa injini imelala, kuibadilisha mara nyingi ni kuishusha injini nzima. Vipuri huletwa kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, ambako sehemu za mbele za magari yaliyokatwa ng'ambo, maarufu kama nozikati, huuzwa. Kadiri magari yanavyopungua Japani, nozikati nazo zitaadimika.

Nembo ya waridi

Hapa ndipo mzazi anapaswa kutega sikio. Kijana amepata kazi ya kwanza, au baba amepokea bonasi ya chai, au mama mwalimu amekubaliwa mkopo wa sacco. Mtu analetewa 'STI' yenye nembo ya waridi na bawa kubwa nyuma. Nembo hiyo hununuliwa kwa pesa kidogo tu na hubandikwa kwa gundi. Nyingi ya 'STI' zinazonguruma Daraja Mbili ni Impreza za kawaida zilizovalishwa suti. Mnunuzi na aangalie nambari ya chesisi kwenye kibati cha gari: GC8 ni toleo la miaka ya 1990, GDB la miaka ya 2000, GRB lililoanza 2007, na VAB lililoanza 2014. GC8 pekee haitoshi, kwani WRX za kawaida nazo zilikuwa nayo. STI za GDB zina giaboksi ya manyuli yenye gia sita. Ukionyeshwa otomatiki ya GDB ukaambiwa ni STI, ondoka taratibu ukimshukuru muuzaji.

Kuna na jambo la kalenda. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika kwa zaidi ya miaka minane. Kuanzia Januari 1, 2026, ni yale yaliyosajiliwa mara ya kwanza mwaka 2019 au baadaye. Kwa hesabu hiyo Evo haiwezi tena kuja kwa njia ya kawaida, na STI chache za Japani zilizosajiliwa 2020 zina hadi mwisho wa 2027. Baada ya hapo, zilizomo nchini ndizo hizo, na bei wataitaja wenyewe.

Je, umeme utapanda mlima Manga? Utapanda, tena vizuri. Mota ya umeme haihitaji hewa, hivyo urefu wa mlima hauipunguzii nguvu, na hutoa nguvu zake zote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Ikiteremka, hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri, jambo ambalo Subaru haijawahi kufanya ila kuchoma breki. Serikali ilipunguza ushuru wa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019, na 2023 kukawekwa bei maalumu ya umeme wa kuchaji. Shida ni umbali. Nissan Leaf za mwanzo, ambazo ndizo rahisi kununua, zikiwa mpya zilikwenda kilomita mia moja na ushei hivi kabla ya kuchajiwa, na betri iliyozeeka huenda pungufu. Nairobi ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Kisii. Na usiku ambao stima imepotea Nyamira, utachaji na koroboi?

Hata rali yenyewe imesitasita. Magari makuu ya ubingwa wa dunia yalifungwa mota za umeme kando ya petroli kuanzia 2022, mwaka ambao Toyota ilichukua nafasi nne za kwanza Naivasha. Kufikia msimu wa 2025 mota hizo zilikuwa zimeondolewa.

Viwanda vimegundua pia kwamba watu wanaukosa mlio. Hyundai Ioniq 5 N, gari la umeme la mbio lililotolewa 2023, lina spika zinazoiga ngurumo ya injini ya petroli na gia bandia zinazotikisa gari kana kwamba dereva anazibadilisha. Wavulana wa Keroka hawajaulizwa maoni yao.