Kampuni inatosha wapi bakiliya wapya? Njia ine, na mfano wa mayayi



Mara mingi tunaongea namna ya kufungua kampuni. Leo tuongee kile kinakuja nyuma: karatasi iko, kazi imeanza, lakini bakiliya ni wale wale kumi. Utafanya je?

Mu mwaka 1957, Igor Ansoff, mtaalamu wa kupanga kazi za kampuni kule Marekani, alionyesha kama kampuni iko na njia ine za kukomaa. Mie niko agronomu, basi nitazieleza na mayayi. Tuseme uko na kuku 500 pembeni ya Lubumbashi. Kama kuku 80 kwa 100 zinataga kila siku, unaokota mayayi 400: plato 13 na mayayi kumi juu. Kuku haingoje mukiliya. Kesho itakula tena, hata kama mayayi ya leo ingali mu depo.

1. Kitu kile kile, soko ile ile. Njo njia ya bei ndogo, na njo ile tunaruka zaidi. Mama wa butike anabebaka plato 2 kwa juma. Muulize sababu gani hazifike 4. Pengine unamufikia siku mayayi ya Zambia imekwisha kuingia kupitia Kasumbalesa. Kwa bei peke yake ni nguvu kushinda ile mayayi. Unashinda kwa siku yenye haibadilike, kwa mayayi mupya, na kwa kurudisha yenye kupasuka. Shika daftari: jina, telefone, plato ngapi, siku gani ya mwisho. Mwenye kupotea juma mbili, umupigie.

2. Kitu kile kile, soko mpya. Hoteli, masomo ya internati, ao kampuni zenye kulisha wafanyakazi wa migodi kule Likasi na Kolwezi. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inawekea kazi za sutretansi kampuni zenye mtaji mwingi uko wa Wakongomani. Ni mlango, lakini komande haitakuja yenyewe. Watakuomba RCCM, Id. Nat., namba ya impo na fakture ya muzuri. Watataka hesabu ile ile kila juma. Plato 13 kwa siku pengine hazitatosha, basi ujiunge na wafugaji wengine. Tena uulize mbele: wanalipa kisha siku ngapi? Kama ni siku 60, chakula ya kuku ya ile miezi mbili utainunua na feza gani?

3. Kitu kipya, bakiliya wale wale. Kuku yenye kuchoka kutaga, karibu na juma ya 72 mpaka 80, ingali nyama. Mwenye restora anayekununua mayayi anaweza kuibeba. Lakini umuambie mwezi moja mbele, juu zote zitatoka pamoja.

4. Kitu kipya, soko mpya. Mavi ya kuku, yenye kukaushwa muzuri, unauzishia wenyi kulima mboga. Hiyo ingali karibu na kazi yako. Lakini kufungua bulanjeri ao kununua taksi na feza ya kuku, ile ni hatari kubwa: haujue kitu, haujue mukiliya, na chakula ya kuku haingoje.

Kwa mimi, ufuate ile mupango: 1 mbele, kisha 2 ao 3, ya 4 mwisho. Wengi wetu tunafanya kinyume, kwani kitu kipya kinapendeza kwa kuelezea marafiki, na kurudia kwa mama wa butike kunaonekana kazi ya mtu asiyesoma. Lakini yeye njo anajua sababu gani mayayi yako inabakia.

Mbele ya kutafuta mukiliya wa kumi na moja, anza na hii: kati ya wale kumi, wangapi walinunua tena mwezi huu? Kama ni watatu tu, wapya nao watapita mu tundu ile ile.

Wenyi wako na kampuni, mutuambie: mulianza na njia gani?